Mhudumu Aliyevua Hedifoni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kazini

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha kupokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Mhusika mwenyewe ameyasoma maelezo haya na kuyaridhia, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Nitamwita mhudumu. Aliyekuwa juu yake nitamwita msimamizi. Mimi ni mnasihi wa masuala ya kazini. Niliitwa siku ya nne baada ya tukio, barua ya kumtaka ajieleze ikiwa imeshaandikwa na kusainiwa.

Dakika 23

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mhudumu alikuwa kwenye simu na mteja ambaye dai lake la fidia ya gari lilikuwa limekataliwa. Nimeisikiliza rekodi ile mara tatu. Mteja anapaza sauti, mhudumu anaeleza utaratibu wa kukata rufaa, mteja anamkata kauli, mhudumu anaanza upya kwa upole uleule. Kisha mteja anasema: "Wewe hujui kazi. Nipe mtu anayejua kazi."

Hapo kinafuata kimya cha sekunde tisa. Kwa mtu aliyekaa kwenye simu miaka tisa, kimya hicho ni kirefu mno. Halafu anasema, "Naomba unisubiri kidogo," na muziki wa kusubirisha unaanza.

Wenzake waliokaa karibu ndio walionisimulia kilichofuata. Alivua hedifoni, akaukunja waya wake taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, akailaza juu ya kibodi, akatoka. Mteja alisubiri, akachoka, akakata. Mhudumu alikutwa kwenye ngazi za dharura baada ya dakika 23, ameketi anatazama viganja vyake. Hakuwa akilia.

Msimamizi alimuuliza, "Vipi, dada, kuna nini?"

"Nimechoka tu, mkuu."

"Sote tumechoka. Jikaze, twende."

Alijikaza, wakaenda. Siku ile alipokea simu nyingine 31. Nililetewa karatasi ya alama za ubora, na alama zake za mchana ule zilikuwa za juu kuliko za siku nyingine yoyote ya wiki: salamu kamili, sauti laini, hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika. Afisa rasilimaliwatu alinionyesha karatasi ile kama ushahidi kwamba jambo limekwisha. Mimi ndiyo iliyonitia hofu kuliko rekodi yenyewe.

Walivyolisoma tukio

Kwenye kikao chetu cha kwanza, mimi, msimamizi na afisa rasilimaliwatu, nilisikia maelezo matatu ndani ya robo saa. Msimamizi alisema ni kiburi: mtu mzoefu anayeona sheria za zamu hazimhusu. Afisa alihisi kuna matatizo ya nyumbani. Baadaye wote wawili wakakubaliana kwamba, vyovyote iwavyo, huyu ni mtu "asiye na ustahimilivu", na kwamba apelekwe kwenye mafunzo ya ustahimilivu ambayo kampuni ilikuwa imeshayalipia: mazoezi ya kupumua, programu ya simu ya kutuliza akili, na mada moja ya kulala vizuri.

Nia ilikuwa njema na sina neno na kupumua. Lakini tayari walikuwa wameamua dawa kabla ya kujua ugonjwa, na dawa hiyo ilimchukulia yeye kuwa ndiye mwenye kasoro. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 nchini Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki mipango ya aina hii (programu za simu, mafunzo ya ustahimilivu, ya kudhibiti msongo na mengineyo) na wenzao wasioshiriki. Walioshiriki hawakuwa na hali bora zaidi, isipokuwa pale waliposhiriki kazi za kujitolea. Niliwaeleza hivyo, nikaomba mambo mawili tu: barua isipelekwe kwanza, na nipewe saa moja na mhudumu katika chumba kisicho na kioo upande wa ukumbi wa simu.

Neno "nimechoka"

Alikuja akiwa amevaa kitambulisho shingoni, akaketi ukingoni mwa kiti. Nilimweleza yatakayobaki kati yetu na yale ambayo nisingeweza kuyaficha kama maisha yake au ya mtu mwingine yangekuwa hatarini. Kisha nikamuuliza hali. "Nimechoka," akasema. Alilirudia neno hilo mara nyingi, kwa kila swali, mpaka likawa kama mlango unaofungwa polepole kila ninapousukuma.

Kwa hiyo nikauliza uchovu wenyewe ukoje. Analala? Analala vizuri. Anakula? Anakula. Mambo aliyokuwa akiyapenda bado anayapenda? Ndiyo, akaniambia kwa undani kuhusu bustani yake ndogo, na uso ukamfunguka. Nikamuuliza waziwazi kama amewahi kuwaza kujidhuru au kutamani asiwepo. Akanitazama machoni, akasema hapana. Swali hilo huulizwa wazi, kwa maneno ya kawaida, na kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kama angeniambia kwamba kwa wiki mbili au zaidi moyo umezama karibu kila siku, hana hamu na chochote, usingizi na chakula vimevurugika, ningesimamisha kila kitu na kumwelekeza kwa daktari. Sonona ni ugonjwa, haitibiwi kwa stadi za msimamizi wala kwa saa moja ya mnasihi wa kazini.

Dalili hizo hazikuwepo. Kilichokuwepo ni kwamba kila Jumapili usiku moyo wake ulianza kwenda mbio, na kila Jumatatu asubuhi tumbo lilimsokota hadi saa tatu. Baada ya hapo, nafuu. Simu za hasira ziliingia siku zote za wiki, ila tumbo lilijua Jumatatu tu.

Nina karatasi ninayoitumia katika hali kama hii. Ina maneno yapatayo thelathini ya hisia, yote ya Kiswahili, bila mpangilio: kero, karaha, hasira, ghadhabu, kinyongo, donge, wivu, wasiwasi, wahaka, jakamoyo, hofu, huzuni, simanzi, majonzi, kihoro, upweke, unyonge, aibu, soni, fedheha, majuto, dukuduku, na kadhalika. Watu wengi wanaokuja kwangu kutoka kazini wana maneno mawili tu, "nimechoka" na "stresi", ilhali lugha yao ina ghala zima. Kazini tumezoea kuyaacha mengine mlangoni.

Nilimpa karatasi nikamwambia apitishe kidole tu, asieleze chochote. Kidole kilipita kwenye "hasira" bila kusita. Kikapunguza mwendo kwenye "kinyongo", kikaendelea. Kilipofika kwenye "fedheha" kilisimama, kikainuka kidogo kama kilichogusa kitu cha moto, kikarudi.

"Hili," akasema.

Wiki tatu kabla ya tukio, kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi, msimamizi aliwachezea watu 14 rekodi ya simu "iliyoharibika" ili wajifunze. Jina halikutajwa. Lakini kila aliyekuwa ukumbini aliitambua sauti ya mtu waliyekaa naye kwa miaka. Katika rekodi hiyo mteja alikuwa akimwambia kwamba hajui kazi, na yeye alibabaika, akakosea namba ya fomu. Mtu mmoja akacheka. Kicheko kifupi, labda hata hakikuwa na ubaya. Asubuhi ile mteja mwingine alipoyasema maneno yaleyale, "nilikisikia kile kicheko," alinieleza. "Nikaona nikifungua mdomo nitasema kitu nitakachofukuzwa nacho kazi. Nikaona bora nivue."

Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Kumbe kutoka kwake kulikuwa ni kujizuia. Mtu aliyesomwa kama asiyeweza kudhibiti hisia zake ndiye aliyekuwa akizidhibiti kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kwa njia pekee aliyoiona.

Kazi ya jina

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipigwa picha. Washiriki walipochagua neno la hisia waliyoiona usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoitikia vitisho, ilipungua msisimko kuliko walipofanya kazi nyingine na nyuso zilezile. Matokeo hayo hutajwa sana kwenye mafunzo ya kazini, na kwa haki: kuipa hisia jina hutuliza.

Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, utulivu ni faida ndogo ya jina. Faida kubwa ni kwamba jina linakuonyesha pa kwenda. Uchovu unadai mapumziko. Hofu inadai usalama. Kinyongo kinadai haki. Aibu mtu anaweza kuwa nayo akiwa peke yake chumbani, lakini fedheha haiwezekani bila macho ya watu. Ni jambo ulilotendewa hadharani, na kwa hiyo huponywa hadharani. Tungempa mhudumu likizo ya wiki mbili kwa sababu "amechoka", angerudi Jumatatu, katika kikao kilekile, mbele ya watu walewale 14, tumbo likisokota.

Kwa sababu hiyo, wanaponiuliza stadi za kihisia ni zipi, sianzi na kujituliza. Naanza na kulitafuta neno lililo sahihi, maana mengine yote yanaufuata uamuzi huo.

Neno "jikaze"

Sina ugomvi na "jikaze" lenyewe. Kwa mtu aliyebakiza hatua kumi za safari aliyoichagua, ni neno la upendo. Kwenye ngazi zile lilikuwa na maana nyingine: ficha.

Katika miaka ya 1990 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza na za kuhuzunisha, wakawaagiza baadhi yao wasionyeshe lolote usoni, kiasi kwamba anayewatazama asijue wanahisi nini. Waliweza. Nyuso zilitulia. Lakini chukizo na huzuni ndani vilibaki vilevile, na mwili ukapandisha dalili za msukosuko, kuanzia jasho la ngozini hadi mishipa ya damu. Simu 31 zenye alama za juu ndivyo zilivyopokewa. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, aliipa hali hii jina la kazi ya hisia: mtu analipwa kwa tabasamu kama anavyolipwa kwa mikono yake, na tabasamu lisilotoka moyoni lina gharama ambayo haiandikwi popote kwenye hesabu za mwajiri. Nikiiona karatasi ya alama nzuri mno baada ya tukio kama lile, huwa naiona gharama hiyo.

Msimamizi

Ningependa asomwe kwa haki. Alikuwa mpokea simu bora wa kituo, akapandishwa cheo kwa sababu hiyo, mwaka mmoja kabla ya tukio. Alipewa mafunzo ya siku mbili: siku ya kwanza mfumo wa ripoti, siku ya pili namna ya kupanga zamu. Kuhusu watu hakuambiwa kitu. Kucheza rekodi Jumatatu alikurithi kwa msimamizi aliyemtangulia.

Nilimuuliza kama yake iliwahi kuchezwa.

"Ndiyo. Mara mbili."

"Ulijisikiaje?"

"Kawaida."

Sikusema kitu. Alikuwa na kalamu mkononi. Akakichomoa kifuniko, akakirudisha, akakichomoa tena. Kimya hicho ni stadi, na ni ngumu kuliko nyingine zote; mdomo huwasha. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, nikafika ya sita.

"Sikula mchana siku hiyo," akasema.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Kabla ya kupandishwa cheo, mhudumu alikuwa akimwita "mdogo wangu". Walikaa meza za jirani. Ndiye aliyemfundisha kusema na mteja mkali. Baada ya cheo aliendelea kumwita hivyo, kisha, wiki chache zilizopita, akaanza kumwita "mkuu". "Nilidhani ni heshima," akasema. Alihesabu siku nyuma mwenyewe, na sikuhitaji kumwambia ilianza baada ya Jumatatu gani.

Tulichokifanya

Barua ilifutwa. Hilo lilikuwa rahisi, kwa kuwa afisa rasilimaliwatu alipoelezwa mfuatano wa mambo aliona mwenyewe kwamba barua ingeiongezea fedheha muhuri wa kampuni.

Kuomba radhi ndiko kulikotuchukulia muda. Msimamizi alitaka amwite mhudumu pembeni. Nikamuuliza jeraha lilitokea wapi. Akanyamaza, akaelewa. Lakini kabla ya kupanga chochote hadharani nilirudi kwa mwenye jeraha, kwa sababu radhi isiyoulizwa inaweza kuwa onyesho la pili. Alichotaka kilikuwa kidogo na cha wazi: "Aseme kwamba alikosea na kwamba haitachezwa tena. Mimi asinitaje. Wanajua."

Msimamizi aliandika rasimu. Ya kwanza ilianza, "Kama kuna mtu yeyote aliyeumia..." Nililikata lile "kama". Neno hilo linamrudishia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Ya pili ilikuwa ndefu, imejaa maelezo ya nia yake njema, akaikata mwenyewe. Jumatatu ilipofika alisema sentensi nne: kwamba wiki zilizopita alicheza rekodi za wenzake mbele ya kikao, kwamba lilikuwa kosa lake, kwamba hakuna rekodi itakayochezwa tena hadharani, na kwamba atakayetaka kuzungumza naye kuhusu rekodi yake iliyopita anakaribishwa. Kisha akaendelea na ajenda. Nilikaa nyuma ya ukumbi. Mhudumu alikuwa akiandika kitu kwenye daftari na hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalishuka, nikayaona.

Rekodi sasa husikilizwa na watu wawili, mhudumu na msimamizi, na mhudumu ndiye anayechagua mojawapo ya simu mbili zitakazosikilizwa. Meneja wa kituo alihofia kwamba makosa yatafichwa. Nilimweleza utafiti wa mtaalamu wa uongozi Amy Edmondson wa miaka ya 1990 kuhusu makosa ya dawa hospitalini: timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi, hadi alipogundua kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyasema. Kucheza makosa hadharani ndiko kunakowafundisha watu kuyaficha. Wiki ya tatu mhudumu mmoja kijana alileta mwenyewe simu ambayo alikuwa amempa mteja tarehe isiyo sahihi. Mteja alipigiwa, akarekebishiwa kabla muda wake wa rufaa haujapita.

Wasimamizi wote watano wa kituo nilifanya nao kazi kwa nusu siku, halafu saa moja kila wiki mbili. Nusu siku inaweza kuonekana ndogo, lakini mwaka 2017 watafiti wa Australia waliripoti jaribio lililohusisha viongozi 128 wa kikosi cha zimamoto cha jimbo la New South Wales: mafunzo ya saa nne tu kuhusu afya ya akili na namna ya kuzungumza na aliye chini yako, na miezi sita baadaye siku za ugonjwa zitokanazo na kazi zilikuwa zimepungua katika timu za waliofunzwa. Aliyefundishwa alikuwa kiongozi, na aliyepata nafuu alikuwa wa chini yake. Ningependa kila mwajiri anayenunua programu za simu aanze na hilo.

Tulichofanyia mazoezi kilikuwa kichache. Kuuliza swali la pili: mtu akisema "nimechoka", usilipokee kama jibu, uliza "uchovu wa namna gani?" Kunyamaza baada ya kuuliza. Kuuliza "nikusikilize tu, au kuna jambo unataka nilifanye?" kabla ya kumwaga ushauri. Na kujua mpaka: dalili nilizozitaja hapo juu msimamizi hazitibu, anazipeleka kwa mtaalamu, na hamwulizi mtu habari zake za ndani kwa udadisi. Tulirudiarudia, mmoja akiwa mhudumu na mwingine msimamizi, mpaka maneno yakaacha kunuka mafunzo. Msimamizi wetu alishindwa kunyamaza kwa majuma matatu. Kila mara alikuwa na suluhisho tayari. Ni watu wazuri ndio wanaoshindwa hapa zaidi, kwa sababu maumivu ya mwenzao huwauma, nao hukimbilia kuyafunika.

Kwa upande wa mhudumu, tulikutana mara tano. Alijifunza kutenganisha maneno ya mteja na hukumu juu yake. Alianza kujiambia, "Huyu amepoteza gari, hanijui," wakati mteja akipaza sauti, na aliona inafanya kazi kwa wateja wengi. Kwa wachache haikufanya kazi, na kwa hao tuliomba kitufe: mapumziko mafupi baada ya simu nzito, yasiyohesabiwa kama utoro. Tuliomba dakika tano, uongozi ukatoa tatu.

Yasiyokwenda sawa

Kosa moja lilikuwa langu. Niliona karatasi ya maneno ilivyosaidia, nikaibandika ukutani ukumbini, nikapendekeza kila mtu achague neno mwanzoni mwa kikao cha Jumatatu. Wawili walikataa, na nilipaswa kuwasikia palepale. Mmoja alichagua "furaha" kila wiki, kwa sauti ileile ya kupokelea simu. Nilikuwa nimewaongezea kazi nyingine ya hisia: kuonyesha hisia kwa amri. Karatasi niliibandua wiki ya nne. Inakaa kwa wasimamizi, nayo hutolewa mtu akiihitaji, katika chumba chenye mlango.

Aliyecheka hakuwahi kuzungumziwa. Mhudumu hakutaka, na mimi niliheshimu, ingawa bado naona pale kuna uzi ulioachwa.

Kubwa zaidi ni lengo la muda wa simu. Kila mhudumu anatakiwa amalize simu ndani ya wastani wa dakika nne, iwe ni swali la tarehe au mtu aliyefiwa. Tangu mwaka 1979 mtafiti wa masuala ya kazi Robert Karasek alieleza kwamba kinachowaumiza wafanyakazi zaidi ni mahitaji makubwa ya kazi yanapokutana na uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuifanya, na lengo hilo ni mfano wake halisi. Shirika la Afya Duniani, lilipofafanua upya mwaka 2019 ule uchovu wa kupindukia wa kazini, lilisema unatokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa vema. Na mwongozo wake wa mwaka 2022 unaweka mabadiliko ya mazingira ya kazi pamoja na mafunzo ya viongozi na ya wafanyakazi. Nimeandika hayo katika ripoti yangu, nikapendekeza simu za vifo na za madai yaliyokataliwa zitolewe katika hesabu ya dakika nne. Nilijibiwa kwamba mfumo hauna uwezo wa kuzitenga. Nimeomba kukutana na wanaosimamia mfumo.

Miezi sita baadaye

Mhudumu bado anapokea simu. Tumbo la Jumatatu liliisha mwezi wa pili. Moyo wa Jumapili usiku unamwendea mbio mara mojamoja, hasa mwisho wa mwezi, ripoti zinapotoka.

Mwezi uliopita alipata simu nyingine mbaya. Alibonyeza kitufe, akaenda kwenye ngazi zilezile. Msimamizi alimfuata, akaketi ngazi moja chini yake. Wote wawili walinisimulia kwa nyakati tofauti, na masimulizi yao yalilingana.

"Ni nini leo, dada?"

"Hasira. Leo ni hasira tu."

"Nikae au nikuache?"

"Niache, mdogo wangu."

Alimwacha. Mhudumu alirudi mezani baada ya dakika sita, tatu zaidi ya zilizoruhusiwa, na mfumo ukaziandika kwa rangi nyekundu. Mwisho wa mwezi msimamizi alitakiwa kuzitolea maelezo kwenye safu ya sababu. Aliandika: "Kwa idhini yangu."